Dhahabu chakavu, simu mbovu, masega na sarafu za Mjerumani: tulio Tabora na Kigoma tuuze kwa hesabu ya gramu

MtuWaIsevya (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Simu yangu haikosi mtu mwenye "mzigo". Leo mkufu uliokatika wa marehemu bibi, kesho gunia la simu mbovu, keshokutwa masega ya Noah (ile kauri ya kusafisha moshi ndani ya egzosi) au sarafu iliyookotwa shambani huko Sikonge. Swali ni lilelile: "Hii naweza kupata shingapi?" Nimekaa duka la sonara hapa mjini miaka mingi, na mabaki ya masonara nimeyapeleka sana kusafishwa. Nashusha ninachokijua, wenye zaidi waongezee.

Mchenjuaji, yaani anayeyeyusha na kusafisha metali, hanunui mkufu. Ananunua gramu za metali safi zilizomo ndani ya mkufu. Kazi ya mkono, risiti ya Dubai, kwamba ulivaliwa harusini, kwake hayo hayana bei, kwa sababu muda si mrefu vyote ni uji ndani ya chungu. Ukilielewa hilo, huwezi kulizwa kirahisi.

Hesabu ni uzito mara usafi mara bei ya siku, halafu toa cha mnunuzi. Usafi unausoma kwenye mhuri mdogo ndani ya pete au kwenye ndoano ya mkufu: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni 18, 585 ni 14, 375 ni 9. Fedha ya vito kwa kawaida ni 925. Sasa tuseme gramu ya dhahabu safi ni 300,000 (naweka namba ya kuhesabia tu, bei ya dunia hailali). Pete ya 750 yenye gramu 6 ina dhahabu safi gramu 4.5, sawa na 1,350,000. Mnunuzi akikupa asilimia 90 unaondoka na 1,215,000. Yule asiyeuliza mhuri, anayetupa pete kwenye mizani na kusema "chakavu nachukua laki na nusu kwa gramu", amekupa 900,000 na bado umemshukuru.

Ujanja mwingine ni kuchanganya. Una pete ya karati 22 na mkufu wa karati 9, anavipima pamoja, analipa vyote kwa ya chini. Tenganisha nyumbani, kila karati na kikaratasi chake. Mawe toa mwenyewe kama unaweza, maana kioo chekundu hakilipwi, na wapo wanaokata gramu nzima kwa kijiwe kisichofika hata robo yake. Ndoano za mikufu nyingi zina springi ya chuma ndani, nayo itakatwa, hiyo ni halali.

Kuhusu wakia: bei mnayoiona kwenye simu ni ya wakia ya gramu 31.1. Nimeshuhudia watu wakimtukana mnunuzi mwaminifu kwa sababu wao waligawa kwa 28.35, ile wakia ya kupimia vyakula, wakapata bei ya gramu ambayo haipo popote duniani.

Na mhuri ukiwa na GP, GF au HGE, ni rangi ya dhahabu juu ya metali nyingine. Masinia na vijiko vyenye EPNS ni fedha ya kupakwa. Rudisha kabatini.

---

FundiSimu_Ujiji

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, mimi ni fundi simu, nina mazabodi (bodi kuu za ndani ya simu) ya kutosha, kiroba na nusu, mengine ya simu za vitufe za zamani. Kuna jamaa anapita na baiskeli na spika, "tunanunua simu mbovu, kompyuta mbovu, betri mbovu", anachukua kwa bei ya karanga. YouTube naona watu wanatia kwenye asidi wanatoa dhahabu. Kwa nini nisifanye mwenyewe?

---

Dada_Maabara

Kaka Fundi, usithubutu. Nafanya kazi maabara, hiyo asidi naijua.

Asidi ya naitriki ikikutana na shaba ya bodi inatoa moshi wa rangi ya kahawia. Ukiuvuta unakohoa kidogo, unatoka nje, unajisikia uko sawa. Unakula, unalala. Saa kadhaa baadaye mapafu yanaanza kujaa maji na hapo unapelekwa hospitali ukiwa hoi. Watu wanadhani sumu lazima ikuangushe palepale. Kwenye video wanafanyia ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa, wewe utafanyia uani penye kuku na watoto. Halafu ile asidi iliyobaki, yenye shaba na risasi, unamwaga wapi? Ujiji hapo maji yote yanaelekea ziwani.

Na wale wanaobandua vitufe vya fedha kwenye swichi kubwa za umeme na kuviyeyusha kwa moto wa gesi: vingi vimechanganywa na kadimi, metali yenye sumu. Moshi wake usiuvute kabisa.

---

FundiSimu_Ujiji

Dada umenitisha. Sasa niuze kwa karanga?

---

MtuWaIsevya

Subiri kwanza tuone ndani kuna nini. Simu moja ina dhahabu kama gramu 0.03. Kwa ile namba yetu ya kuhesabia ni kama 9,000 kwa simu, tena kwenye karatasi, kabla hujalipa usafiri na mchenjuaji. Ndiyo maana simu thelathini si mzigo. Mzigo ni tani. Tani ya simu bila betri ina dhahabu kama gramu 300 na ushee, fedha kilo kadhaa, paladi (metali nyingine ya thamani) kidogo, na shaba zaidi ya kilo mia. Wachimbaji wetu wa Nzega wangepata mwamba wa namna hiyo wasingelala. Ila kuitoa yote kwa pamoja kunataka mitambo mikubwa, kama ya Umicore kule Hoboken, Ubelgiji, au Boliden, Sweden. Wanaingiza bodi kwenye tanuru, shaba inayeyuka na kukusanya dhahabu, fedha na paladi, kisha wanaitenganisha hatua kwa hatua.

Wewe fundi faida yako iko kwenye kupanga. Mazabodi ya simu peke yake. RAM za kompyuta peke yake, zile zenye meno ya njano. Prosesa peke yake, na zile za zamani za kauri usizichanganye na za plastiki hata kwa bahati mbaya, maana za kauri zina dhahabu nyingi kuliko za sasa. Bodi za redio na za chaja, zile za kahawia zenye vitu vikubwa vikubwa, ni za bei ya chini, ukizitia kwenye gunia la mazabodi mnunuzi analipa gunia zima kama bodi za redio. Betri zitoe zote. Betri ya lithiamu ikitobolewa ndani ya gunia unachoma banda.

Vibali: kukusanya na kusafirisha taka za kielektroniki kunahitaji kibali cha NEMC, baraza la mazingira, na kuvusha mpaka ni suala la Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka zinazovuka mipaka. Tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, ziwe za hatari au la, zinataka ridhaa ya nchi zinakopelekwa kabla hazijaondoka. Kwa hiyo Mkongo anayekwambia "nipe, mimi navusha kwa boti usiku" anakutafutia kesi. Muuzie mkusanyaji mwenye kibali, kwa kilo, kwa daraja.

---

Mpiga_Debe_Stendi

Mleta uzi si dalali huyu? Unatufundisha halafu mwisho utaweka namba ya simu tukuletee.

---

MtuWaIsevya

Udalali nimefanya, sikatai. Namba siweki, na PM za kuuliza bei sijibu. Uliza hapahapa wote wafaidike.

---

Garage_Mwanga

Nichangie la masega, maana huku Kigoma vijana wanayauza kama mkaa.

Gari ya petroli kutoka Japani ina masega kwenye egzosi, yale ya kauri yenye vitundu vidogo. Juu ya kauri wamepaka metali tatu za thamani: platinamu, paladi na rodi (rhodium). Dhahabu haimo hata chembe, msidanganyane. Mwenye gari akilalamika gari haina nguvu, fundi anakata kopo, anakung'uta masega, anamwambia "sasa inapumua", masega yanabaki kwa fundi. Mwenye gari hajui kwamba ameacha pale kitu cha thamani kuliko ufundi aliolipia.

Bei ya masega inategemea namba iliyogongwa kwenye kopo. Wanunuzi wakubwa wana orodha zao, wanaisoma namba, wanajua ndani mna nini. Kwa hiyo usipasue kopo. Ukipasua ukaleta vipande kwenye mfuko, namba imepotea, na unga uliomwagika ndio wenye mali. Vumbi lake pia si la kuvuta. Na masega ya kubadilishia, yale mapya yasiyo ya kampuni ya gari, mengi yana metali kiduchu tu, usishangae ukipewa hela ya soda.

Ukitaka kujua kama fundi wako mwaminifu, mwambie "masega nirudishie".

---

Kijana_wa_Nguruka

Hahaha hiyo ya mwisho nimeicheka peke yangu kwenye daladala. Garage zitafungwa mwaka huu.

Na shaba je? Kuna nyaya nimeletewa na madogo, na vyuma vya reli kidogo.

---

MtuWaIsevya

Nyaya za TANESCO na mataruma ya reli usiguse, usipige picha, usiulize bei. Shaba si metali ya thamani kwa maana ya uzi huu, na anayekuuzia hivyo anakuuzia kifungo. Tuendelee.

---

Mzee_wa_Kwihara

Vijana, hamjambo. Mmeongea masega na simu, mmeiacha mali iliyotengenezwa hapahapa kwetu.

Mwaka 1916 Mjerumani alikuwa amebanwa, meli haziji, fedha ya kulipia askari na wapagazi imemwishia. Akaanza kugonga sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli. Alitumia shaba ya njano na nyekundu iliyokusanywa, kwa maneno yenu ya leo ni skrepa tupu, akatoa heller 20 na heller 5, sarafu ndogo za wakati huo. Na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke akatoa rupia 15, yenye tembo upande mmoja na tai upande wa pili. Zina herufi T, ndiyo Tabora. Mwezi Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini, kazi ikaishia hapo.

Sasa sikilizeni. Ile heller 20 ya shaba ya njano, mtu akiisugua inang'aa, anakimbia mjini na "dhahabu ya Mjerumani". Ndani hamna dhahabu wala fedha. Mchenjuaji hana kazi nayo. Ile ya tembo ndiyo dhahabu: gramu 7.17, usafi 750, kwa hiyo dhahabu safi gramu 5.38. Kwa namba ya huyu bwana wa Isevya ni kama 1,600,000 ikiyeyushwa. Ukiiyeyusha umejichinja. Zilitoka chache, kama elfu kumi na sita tu, na wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya hulipa zaidi ya thamani ya dhahabu yake. Ikija mkononi, usiipeleke kwa sonara hata siku moja. Wala usiisugue! Ndimu na majivu vinatoa uchafu na vinatoa hela.

Za feki zipo tele, hilo nalo mlijue.

---

Dada_Maabara

Shikamoo mzee. Na zile rupia za fedha, na ile kubwa ya mwanamke? Bibi yangu alikuwa nazo kwenye mkufu.

---

Mzee_wa_Kwihara

Marahaba mwanangu. Rupia moja ya Mjerumani ni gramu 11.66, usafi 917, fedha safi kama gramu 10.7. Ile ya mwanamke ni ya Maria Theresia wa Austria. Wengi wanaona 1780 wanasema ina karne mbili na zaidi. Mwaka huo ndiyo aliofariki, na tangu hapo wameendelea kuigonga na mwaka uleule mpaka nyakati za karibuni, kwa hiyo 1780 haikwambii umri. Ina fedha safi gramu 23.4, na hiyo ndiyo bei yake ya chini. Shilingi ya Mwingereza ya 1921 hadi 1946 ni robo tu fedha, haifiki gramu mbili za fedha safi. Za 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa.

---

Kijana_wa_Nguruka

Mzee, na ile rupia inayovuta mchele? Kuna watu wa Urambo wanasema mnunuzi katoka Dar na begi la dola.

---

Mzee_wa_Kwihara

Kijana, sarafu ya fedha haivuti mchele, haivuti chuma, haivuti hata usingizi. Mnunuzi wa begi la dola kwanza atakuomba "ya kupimia", baada ya hapo "ya dawa ya kupimia", mpaka uuze ng'ombe. Hakuna mchenjuaji wala mkusanyaji duniani anayemwaga mchele mezani.

---

Bint_Gungu

Samahani wakubwa, mimi nina jambo dogo tu. Pete ya marehemu mama haina mhuri, imesagika. Sonara mmoja hapa aliisugua kwenye jiwe lake jeusi akasema karati 9. Mwingine akasema 18. Nani nimwamini?

---

MtuWaIsevya

Pole kwa msiba dada. Kama haina jiwe na si ya matundu ndani, pima mwenyewe. Tafuta mizani ya kidijitali inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Ile ya keki haifai. Pima pete kavu, andika. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, sifurisha. Funga pete kwa uzi mwembamba, izamishe yote kwenye maji, isiguse chini wala ukingo, tikisa mapovu yatoke. Namba itakayosomeka ndiyo ujazo wake. Gawa uzito mkavu kwa hiyo namba. Shaba ya njano itakupa kama 8.5. Karati 9 inakaa kwenye 11 hivi, karati 18 kwenye 15 na ushee, dhahabu safi 19.3. Sumaku haitakusaidia, shaba nayo haivutwi.

---

Bint_Gungu

Nimeazima mizani ya duka la dawa za asili. Kavu 6.24. Ndani ya maji 0.40.

---

MtuWaIsevya

15.6, hiyo ni karati 18. Aliyesema 9 alikuwa anakununua wewe. Sasa nenda kwa mnunuzi mwenye leseni aliye na mashine ya kusoma metali kwa miale, asome pande tatu za pete, na ndani pia, kwa sababu mashine inasoma ngozi ya juu tu. Mwambie akuchapie karatasi. Beba NIDA, mnunuzi asiyeuliza kitambulisho mwogope.

Kwa wenye mzigo mkubwa, tuseme mabaki ya masonara, mashine peke yake haitoshi, dai kipimo cha moto. Wanayeyusha mzigo wote, wanakoroga, wanachukua sampuli ndogo, wanaifunga kwenye karatasi ya risasi na fedha kidogo, wanaiweka kwenye kikombe cha majivu ya mifupa ndani ya tanuru. Risasi inanyonywa na kikombe, inabaki shanga ndogo ya dhahabu na fedha, unaiona inametameta dakika ile inaposafika. Fedha wanaiondoa kwa asidi, kinachobaki kinapimwa. Sampuli igawanywe tatu: yako, yake, na ya tatu ifungwe kwa lakiri, mkibishana inakwenda kwa mpimaji mwingine. Uliza mapema ada ya kuyeyusha, asilimia anayolipa, kama fedha iliyomo kwenye dhahabu yako inalipwa, na bei ni ya siku ipi, ya kupokea au ya kulipa. Simama uone mizani kabla na baada ya kuyeyusha.

Kile kiwanda kikubwa cha Mwanza, cha kusafisha dhahabu, cha ubia na STAMICO (shirika la madini la taifa), kilichozinduliwa 2021, kimejengwa kwa dhahabu ya migodini na ya wachimbaji. Hereni zako mbili hazina haja ya kupanda treni mpaka kule.

---

Mpiga_Debe_Stendi

Nafuta kauli yangu ya udalali. Endelea mkuu.

---

Bint_Gungu

Nimetoka kupima. Karatasi inasema dhahabu asilimia 74.8. Amenipa asilimia 85 ya bei ya leo.

---

MtuWaIsevya

Karatasi unayo, pete unayo. Mwambie 90. Akikataa, funga kibegi chako taratibu.

---

Bint_Gungu

Nimefunga kibegi, akaniita mlangoni. 89. Lakini kaka zangu wamesema tusiuze, abaki nayo mdogo wetu. Nimerudi nayo nyumbani.

---

MtuWaIsevya

Hapo mimi sina neno.

---

FundiSimu_Ujiji

Wa Kasulu, Kibondo, Uvinza, mna mazabodi? Nimeongea na mkusanyaji mwenye kibali, kilo zangu peke yangu anasema hazilipi lori. Tukiunganisha anakuja mwenyewe Kigoma mjini.

---

Fundi_Kasulu

Mimi ninazo, gunia mbili. Ila zimechanganyika na bodi za redio.

---

FundiSimu_Ujiji

Zichambue kwanza, ndiyo uniambie zimebaki kilo ngapi.